Oveni Iliyosingiziwa: Volti, Ampea na Korosho Zisizomenyeka

Kabla sijafungua hata begi la vifaa, mwenyekiti wa kikundi alinipa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mauzo. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameandika mistari minne kwa kalamu ya bluu:

Volti 229
Ampea 11.3
229 ÷ 11.3 = omu 20.3
Elementi zimechoka. Nunueni mpya tatu.

Niliipiga hesabu ile kwenye simu nikiwa nimesimama mlangoni. Iko sawa. Baadaye nilipima mwenyewe, palepale alipopimia yeye, namba zikatoka zilezile. Kwa hiyo tunamzungumzia fundi mkweli, mwenye vifaa, anayejua kugawanya. Lakini elementi alizozihukumu, yaani zile koili za kupashia joto ndani ya oveni, zilikuwa nzima. Kosa lake lilikuwa moja: mahali alipoweka ncha za maltimita, kifaa cha kupimia umeme, alipopima volti. Nimeliona kosa hilo kwa mafundi wengi wazuri, na kila mara anayelipa ni mwenye kifaa. Ndiyo maana naandika kisa hiki kwa urefu, pamoja na namba zake zote.

Kikundi chenyewe ni cha akina mama tisa wanaobangua korosho nje kidogo ya mji wa Mtwara, upande wa barabara ya Naliendele. Kwa asiyeijua kazi hii: korosho ikishapigwa mvuke na kubanguliwa, kiini hutoka kikiwa bado kimevaa utando wa kahawia. Utando huo haubanduki mpaka kiini kikaushwe polepole kwenye joto la nyuzi 70 hivi, kwa saa kadhaa. Kikikauka vizuri kinasinyaa kidogo, utando unalegea, ukikisugua kwa vidole unatoka wenyewe. Kisipokauka, utando unang'ang'ania, inabidi utumie kisu, na kisu kinavunja kiini. Korosho nzima na korosho kipande bei zake ni mbingu na ardhi. Oveni ikipoa nyuzi chache tu, akina mama hawa wanaukuta upungufu wao kwenye mizani ya mnunuzi.

"Shikamoo mama," nilimwambia mwenyekiti.

"Marahaba, mwanangu. Tuangalizie hiyo oveni. Msimu unatupita, na hela ya elementi tumeshaanza kuchangishana."

Taa isiyozimika

Huwa sianzi na kifaa, naanza na maswali. Oveni ilianza lini kuwa hivi? Wengine walisema mwaka huu, wengine wakasema tangu mvua zilipokatika. Mmoja alisema umeme wa Mtwara siku hizi ni hafifu, akashangaa inakuwaje wakati gesi ya Msimbati, inayofua umeme, tunaishi nayo mlango kwa mlango. Mwingine aliishuku mita ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, kwamba yuniti zinakwisha upesi kuliko zamani.

Aliyenipa jibu la maana ni bibi mmoja ambaye hulala kwenye banda la oveni akilinda mzigo. Akasema: "Msimu uliopita taa hii nyekundu ilikuwa inawaka, inazima, inawaka, inazima, usiku kucha. Nilishazoea mlio wake. Mwaka huu inawaka tu mpaka asubuhi, na kimya."

Taa hiyo ni ya thermostati. Thermostati inakata umeme joto likifika pale ilipowekwa, inarudisha likishuka. Ikiwa haikati usiku kucha, maana yake joto halijawahi kufika. Niliangalia kipimajoto cha mlangoni: imewekwa 70, imegota kwenye 64. Oveni inajitahidi kwa nguvu zake zote na nguvu zenyewe hazitoshi. Hapo malalamiko ya LUKU nayo yakaeleweka, maana oveni isiyopumzika inakula yuniti muda wote, halafu kwa kuwa mzigo haukauki, wanaiacha iendelee. Walikuwa wanaiwasha saa kumi na mbili jioni na kuizima saa mbili asubuhi. Saa 14.

Niliuliza swali moja zaidi: oveni imekaa hapa tangu lini? Kumbe msimu uliopita ilikuwa ndani ya nyumba kubwa, hatua tatu kutoka kwenye meni swichi. Ilihamishiwa banda la nyuma kwa sababu ya joto na nafasi, na kijana mmoja wa jirani akavuta waya. Hakuna aliyelihusisha hilo na korosho zisizomenyeka, kwa sababu siku ya kwanza oveni iliwaka vizuri tu.

Kibati cha nyuma kinasema nini

Nyuma ya oveni kuna kibati kidogo kilichoandikwa volti 230, wati 3000. Namba hizo mbili zinatosha kukwambia kila kitu oveni ilichotakiwa kuwa.

Nguvu ni volti mara ampea. Kwa hiyo ampea ni wati gawanya kwa volti:

3000 ÷ 230 = ampea 13.04

Na ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme kupita, hupimwa kwa omu, nao ni volti gawanya kwa ampea:

230 ÷ 13.04 = omu 17.6

Ndani kuna elementi tatu za wati 1000, zimefungwa sambamba, kila moja ikipata volti zote. Moja peke yake ina omu 52.9. Tatu zikiwa sambamba ukinzani unagawanywa kwa tatu, tunarudi kwenye 17.6. Hapa ndipo karatasi ya fundi mwenzangu ilipoanza kunitia shaka. Elementi moja ikikatika, zinabaki mbili, na ukinzani unapanda mpaka omu 26.5. Ampea zingeshuka kwenye 8 na kitu. Yeye alipata 20.3, ambayo haipo popote: ni kubwa mno kwa elementi tatu nzima, na ni ndogo mno kwa mbili. Ili kuifikia, elementi zote tatu zingepaswa kuchakaa kwa pamoja na kwa kiasi kilekile, karibu asilimia 15. Waya wa elementi, nikromu, huwa unakonda kwa kuliwa na joto kadiri miaka inavyopita, hilo ni kweli, lakini tatu kuchoka sawasawa ndani ya msimu mmoja ni jambo ambalo sijawahi kuliona.

Nilizima meni swichi, nikachomoa plagi, nikapima elementi zikiwa baridi. Omu 17.3. Nikromu ikipata moto ukinzani wake hupanda kidogo tu, asilimia chache, tofauti kabisa na taa ya zamani ya waya mwembamba, ambayo ikiwa baridi ukinzani wake hauzidi sana sehemu moja ya kumi ya ule wa ikiwaka. Kwa hiyo 17.3 ya baridi na 17.6 ya moto ni mtu yuleyule. Elementi zilikuwa hazina kosa.

Sasa kama oveni ni 17.6 na hesabu inasema 20.3, zile omu 2.7 za katikati ni za nani?

Volti za wapi?

Hapa ndipo kisa kizima kilipo, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Ampea ni zilezile njia nzima. Umeme unaotoka kwenye meni swichi, ukapita kwenye waya, ukaingia oveni, ukarudi kwa nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, hauna pa kupungukia. Ukiupima mwanzo ni 11.3, ukiupima mwisho ni 11.3. Volti hazifanyi hivyo. Zinatumika njiani, kidogo hapa, kidogo pale, kila penye ukinzani. Ndiyo maana ampea unaweza kuzipima popote, lakini volti lazima useme ni za kutoka wapi mpaka wapi.

Mwenzangu alipima volti kwenye ubao wa meni swichi, ndani ya nyumba kubwa, kwa sababu ndipo penye nafasi na mwanga. Alipata 229 huku oveni ikiwaka. Ukigawanya 229 kwa 11.3 unapata ukinzani wa kila kitu kilichoko baada ya meni swichi: waya wa kwenda, oveni, waya wa kurudi, jointi, plagi. Aliita jumla hiyo yote "elementi".

Nilifungua kifuniko cha nyuma cha oveni, nikawasha, nikagusisha ncha za maltimita kwenye teminali zenyewe za elementi, pale waya unapofungwa. (Kazi hii inafanywa umeme ukiwemo. Viatu vikavu, ncha zenye ngozi nzima, mkono mmoja mbali na chuma. Kama hujazoea, usiifanye, mwite mtu.) Ampea nilipima kwa klampu, kipimo kinachoukumbatia waya kwa nje, nikiwa nimeutenganisha waya mmoja na mwenzake. Klampu ukiizungushia kebo nzima itasoma sifuri, kwa kuwa umeme wa kwenda na wa kurudi unafutana.

Volti 199. Ampea 11.3.

199 ÷ 11.3 = omu 17.6

Sikuhitaji tena kubishana na mtu. Elementi zile zina ukinzani uleule ulioandikwa kwenye kibati. Nikamwita mwenyekiti aje aone namba kwenye kioo cha maltimita, nikamwonyesha na ya kibati. Alinyamaza, halafu akauliza, "Kwa hiyo ile hela tusinunulie?" Nikamwambia isubiri kidogo, huenda tukawa na kazi nayo nyingine.

Sasa nguvu. 199 mara 11.3 ni wati 2249. Oveni ya wati 3000 inafanya kazi kwa robo tatu. Angalia hapa jambo linalowapita wengi: volti zimepungua kutoka 230 hadi 199, yaani asilimia 13 na nusu. Nguvu imepungua asilimia 25. Sababu ni kwamba volti zikishuka, ampea nazo zinashuka kwa kiwango hichohicho, na nguvu ni zao la vyote viwili, kwa hiyo hasara inaingia mara mbili. Mtu akikuambia "volti thelathini tu ndizo zimepotea", mwambie apige hesabu ya wati.

Volti 30 zimepotelea kati ya ubao na oveni. Gawanya kwa ampea zilezile:

30 ÷ 11.3 = omu 2.65

Hizo ndizo omu zilizokosa mwenyewe. Na nguvu inayoliwa njiani ni 30 mara 11.3, wati 339. Jumlisha na za oveni, 2249, unapata 2588. Zidisha 229 kwa 11.3 kwenye ubao, unapata 2588. Hesabu imefunga, hakuna wati iliyopotea bila kujulikana ilipo. Mimi siondoki kwenye kazi ya namna hii mpaka jumla hizo mbili zikutane.

Yuniti moja ni wati 1000 kwa saa moja, kwa hiyo wati 339 usiku mzima wa saa 14 ni yuniti 4.7 hivi, kati ya 36 zilizokuwa zinaliwa. Mita haikuwa na hatia, ilikuwa inahesabu kwa uaminifu umeme uliokuwa unapasha joto waya ulioning'inia chini ya mwembe.

Jambo hili lina umri mrefu. Georg Simon Ohm, mwalimu wa Ujerumani ambaye jina lake ndilo tunaloliita omu, alifanya vipimo vyake mwaka 1826 akifunga vipande vya waya wa shaba vya urefu mbalimbali, kimoja kimoja, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu chake. Kanuni aliyoipata kwenye vipimo vile ilikuwa na vitu viwili chini ya mstari wa kugawanya: waya anaoupima, na njia iliyobaki yote. Hakuiacha njia nje ya hesabu. Sisi shuleni tulipewa kanuni ikiwa imeshafupishwa, volti gawanya kwa ukinzani, basi ukifika kazini unasahau kuwa njia nayo ni ukinzani. Kwa namba za Naliendele, kanuni kamili inasomeka hivi: 229 gawanya kwa jumla ya 2.65 na 17.6. Jibu ni 11.3.

Nyuzi ishirini na nne

Tukafuata waya kutoka nyumbani hadi bandani. Ulikuwa umepita juu, umefungwa kwa kamba kwenye mti wa mwembe, ukashuka kwenye paa la makuti la banda. Urefu, kwa futi ya mafundi, mita 40. Niliugusa kwa mgongo wa kiganja: ulikuwa wa moto, plastiki yake imelainika kama mshumaa uliokaa juani.

Nikazima umeme, nikakata kipande kidogo mwisho wake, nikakichuna na kuhesabu nyuzi za shaba kwenye kitambaa cheupe. Kila waya wa ndani ulikuwa na nyuzi 24, nyembamba kama unywele mnene. Uzi mmoja wa namna hiyo una kipenyo cha milimita 0.2, na 24 zinafanya milimita za mraba 0.75. Huo ni waya wa kupelekea umeme taa ya mezani au redio. Kwa kawaida hupewa ampea 6. Hapa ulikuwa unabeba karibu mara mbili yake, kuanzia jioni hadi asubuhi.

Shaba ya 0.75 ina ukinzani wa omu 26 kwa kilomita. Hapa watu wengi hukosea kwa kuhesabu mita 40. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 80:

26 × 0.080 = omu 2.08

Hiyo ni kwa waya wa nyuzi joto 20. Shaba ikipata joto inaongeza ukinzani karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Waya ule, kwa nilivyougusa, haukuwa chini ya nyuzi 60, kwa hiyo tunafika omu 2.4. Tulikuwa tunatafuta 2.65. Bado robo ya omu.

Robo hiyo tuliikuta kwenye mwembe. Kijana alikuwa na waya wa mita 25, haukufika, akaungia kipande cha mita 15. Jointi ilikuwa ya kusokota kwa vidole, ikaviringishwa tepu nyeusi. Tepu ilikuwa imekauka na kupasuka kama gome. Nilipoifungua, shaba ya ndani ilikuwa na kutu ya kijani upande mmoja, upande mwingine nyeusi tii, imeungua. Hewa ya huku ina chumvi ya bahari, na shaba iliyoachwa wazi haidumu. Kabla sijaifungua nilikuwa nimepima volti kati ya upande huu na upande ule wa jointi, oveni ikiwa inawaka: volti 2.4. Jointi yenye afya ingenipa karibu na sifuri.

2.4 ÷ 11.3 = omu 0.21

2.4 × 11.3 = wati 27

Wati 27 kwenye kitu chenye ukubwa wa kidole gumba. Pasi ndogo ya kuyeyushia risasi, ile ya fundi redio, ina nguvu ya kiasi hicho. Na hii ilikuwa imening'inia mita moja na nusu kutoka kwenye makuti. Nilipomweleza mwenyekiti hivyo, alimwangalia yule bibi anayelala bandani, na wote wawili hawakusema kitu kwa muda. Mimi pia sikuwa na la kuongeza.

Omu 0.21 na 2.4 ni 2.61. Zilizobaki, sehemu ndogo sana, ni za plagi na soketi, ambazo nazo zilikuwa zimeanza kuwa na rangi ya kahawia kwenye tundu la laivu, yaani la waya unaoleta umeme.

Swali ambalo lazima mtu aulize: mbona siku zote ilionekana nzima? Kwa sababu vipimo vya haraka vinapima njia isiyo na msafiri. Bisibisi ya testa iliwaka bandani, kwa kuwa testa inaonyesha kuwa umeme upo, haionyeshi kama unaweza kufanya kazi. Maltimita ikiwekwa kwenye mlio, inalia hata kwenye omu 20 au 30, kwa hiyo omu 2.65 kwake ni njia safi kabisa. Na volti za bandani oveni ikiwa imezimwa zilikuwa 232, zilezile za kwenye ubao. Ampea zikiwa sifuri, sifuri mara 2.65 ni sifuri, hakuna volti inayopotea. Ni kama mpira wa maji uliokanyagwa katikati: ukiziba mdomo wake kwa kidole, presha unayoisikia ni kamili, ukiachia ndipo unaona maji yanatiririka kinyonge. Volti za kuamini ni zile zilizopimwa kazi ikiendelea.

Dawa mbili ambazo zingechoma banda

Akina mama walikuwa wameshashauriwa mambo mengine mawili, na nataka niyaseme kwa sababu yote mawili yana sura ya busara.

La kwanza, kuongeza elementi ya nne. Oveni ina nafasi yake. Tuipige hesabu kwa waya uleule: elementi nne sambamba ni omu 13.2, njia 2.65, jumla 15.9 hivi. Ampea zingepanda hadi 14 na ushee. Oveni ingepata kama wati 2700, na kweli korosho zingekauka. Lakini hasara ya njiani inakwenda kwa mraba wa ampea, kama mwanafizikia Mwingereza James Joule alivyoonyesha tangu mwaka 1841, na ingepanda kutoka wati 339 hadi karibu 550. Jointi ile ya mwembeni ingefika wati 43. Wangepata korosho nzuri kwa wiki moja au mbili, halafu moto.

La pili, kununua stabilaiza ya kuweka bandani ili ipandishe volti. Stabilaiza haitengenezi umeme. Ili itoe volti 230 kwa oveni inabidi ivute ampea nyingi zaidi kutoka kwenye waya uleule mwembamba, na waya unazidi kuungua.

Na elementi mpya tatu? Zingekuwa na omu 17.6, kama za zamani. Zingepata volti 199, kama za zamani. Hela ingekwenda na joto lingebaki 64.

Tulichofanya

Hela iliyochangwa tulinunulia kebo ya shaba ya milimita za mraba 4, mita 40, kipande kimoja bila jointi. Milimita 2.5 ingetosha kwa ampea, lakini ingepoteza volti 7 hivi, na mwenyekiti aliniambia wazi kuwa wakipata soko wataongeza ile elementi ya nne. Niliona heri waumie mara moja. Shaba ya 4 ina omu 4.61 kwa kilomita, kwa hiyo njia nzima ya kwenda na kurudi ni omu 0.37.

Kebo niliyochagua ina nyaya tatu. Ile ya zamani ilikuwa na mbili: laivu na nyutro, bila ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini. Oveni ya chuma, sakafu ya udongo, akina mama peku, mikono yenye unyevu wa mvuke, na hakuna ethi. Katika yote niliyoyaona siku ile, hili ndilo lililonitisha zaidi, na halionekani kwenye hesabu yoyote ya volti na ampea. Elementi ikipasuka ngozi yake na kugusa bodi, bodi yote inakuwa laivu na hakuna kinachokata.

Plagi tuliiondoa. Plagi ya ampea 13 kubeba 12 na kitu kwa saa nane mfululizo ni kuitesa, na kwa elementi nne haiwezi kabisa. Nikaweka swichi ya ampea 20, aina ile inayofungwa kwa hita za maji, inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Kwenye ubao, sakiti breka iliyokuwa inalinda njia ile ilikuwa ya ampea 32. Breka ya 32 kwa waya wa ampea 6 hailindi kitu, waya ungeyeyuka wote huku breka imetulia. Tumeweka ya 20.

Jambo la mwisho ambalo watu huniuliza kila nikieleza kisa hiki: je, hesabu hii inafaa kwa friji au feni? Kwa ukinzani wa waya na jointi, ndiyo, njia ni njia. Lakini volti mara ampea kwenye kifaa chenye mota hazikupi wati halisi, kwa kuwa mota haichukui umeme kwa kufuatana sawasawa na volti. Kwa oveni, pasi, birika na hita, zidisha bila wasiwasi.

Saa moja usiku tuliwasha. Kwenye ubao volti 228. Kwenye teminali za elementi 223. Ampea 12.7.

223 ÷ 12.7 = omu 17.6

223 × 12.7 = wati 2832

Njiani volti 5, wati 64 tu, zimesambaa kwenye mita 40 za kebo ambayo nilipoishika ilikuwa baridi kama ukuta. Elementi zilezile zilizoandikiwa kifo kwenye karatasi ya bluu zilikuwa zinatoa karibu wati 600 zaidi ya jana yake.

Sikuondoka. Nilitaka kuiona taa. Akina mama walipanga trei, wakafunga mlango, mmoja akachemsha chai. Kipimajoto kilipita 64 bila kusita. Ilipokaribia saa nne, yule bibi aliinua mkono tunyamaze. Ndani ya oveni kikasikika kimlio kidogo, tk, na taa nyekundu ikazima.

Asubuhi mwenyekiti alinipigia. Walizima saa tisa usiku, saa nane tu tangu kuwasha, mita imeshuka yuniti 22, na utando unatoka kwa vidole.

Ile karatasi ya bluu ninayo. Nilimtafuta fundi aliyeiandika, tukakaa naye chini ya mwembe uleule, nikamwachia maltimita apime mwenyewe: kwanza kwenye ubao, halafu kwenye teminali. Aliangalia namba ya pili kwa muda mrefu, akachukua kalamu, na chini ya mistari yake minne akaandika wa tano: "Volti za oveni zipimwe kwenye oveni."